Kiingereza kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 15: kazi ya kwanza ni kufungua kinywa

Mtoto wa miaka 8 ukimwambia aigize paka katika somo la Kiingereza, atatambaa sakafuni na kulia kama paka kabla hujamaliza sentensi. Mwambie hivyo hivyo wa miaka 13. Atakutazama wewe, atamtazama jirani yake, kisha atainamia daftari. Neno analijua. Anachokipima ni kicheko cha wenzake.

Sisi tunaofundisha rika hili tumezoea kuuchukulia ukimya huo kama uvivu au upungufu wa msamiati. Tunaongeza sarufi ubaoni, na ukimya unazidi. Kinachosaidia ni kulipima kila zoezi kabla ya kuingia darasani: hapa kila mwanafunzi atafungua kinywa mara ngapi, na nani atakuwa anamsikiliza?

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua darasa la wanafunzi 40 na dakika 12 za mazungumzo. Ukiwasimamisha mmoja mmoja, kila mmoja anapata sekunde 18, huku wenzake 39 wakimkodolea macho. Ukiwaweka wawiliwawili, kila mmoja anapata dakika 6, na anayemsikia ni mmoja tu, tena naye yuko kwenye shida ileile.

Lakini “zungumzeni na jirani yako kuhusu wikendi” si zoezi. Baada ya sekunde 40 wamemaliza, na kilichobaki ni soga kwa lugha yao. Wawili huzungumza pale tu kila mmoja anapokuwa na kitu ambacho mwenzake hana na anakihitaji. Zoezi rahisi kuliko yote la namna hii ni ratiba mbili zenye mapengo. Andika ratiba ya wiki ya mtu mmoja wa kubuni, shughuli 12 kwa jumla. Karatasi A ina shughuli 6 na nafasi 6 tupu. Karatasi B ina zile 6 nyingine. Kujaza nafasi zake, A lazima aulize “What does she do on Tuesday afternoon?” na B lazima ajibu kwa sentensi nzima.

Sasa namna ya kuliendesha, maana hapa ndipo linapoharibika. Kwanza wakusanye A na A, B na B kwa dakika 3, watunge maswali yao pamoja na kuyasema kwa sauti ya chini. Hatua hii wengi huiruka ili kuokoa muda, na ndiyo inayomwondolea hofu mwanafunzi dhaifu: anapofika kwa mwenzake swali limeshapita mdomoni mwake mara mbili tatu. Kisha waoneshe mfano, wanafunzi wawili mbele ya darasa, maswali mawili tu. Mwalimu akijifanya mmoja wa wale wawili, darasa linatazama mwalimu na mfano haueleweki. Ndipo A na B wakae mgongo kwa mgongo, au waweke kitabu kilichosimama katikati yao. Wasipotenganishwa hivyo watabadilishana karatasi na kunakili kimyakimya, na lawama ni ya mpangilio wa viti, si yao. Wape dakika 5, muda unaobana kidogo. Kwa dakika 10 walio wepesi watamaliza na kuanza fujo; wanapobanwa, hata wepesi wanakuwa bado na nafasi moja ya kujaza unapowasimamisha.

Maneno ya kusaidia yaandikwe ubaoni tangu mwanzo: sentensi mbili za kuuliza, moja ya kujibu, na ile muhimu kuliko zote, “Sorry, can you say that again?” Baada ya dakika 2 futa neno moja katika kila sentensi. Baada ya nyingine 2 futa jingine. Wanaendelea kusoma ubao ambao nusu yake haipo tena, na wengi hawagundui kwamba sasa wanasema kwa kumbukumbu.

Maelekezo ni chanzo cha fujo nyingi kuliko tabia mbaya. Karatasi ikishafika mkononi macho yamehama. Kwa hiyo eleza kwanza, gawa baadaye. Sentensi fupi tatu au nne, kila moja na kitendo chake. Usiulize “mmeelewa?” kwa sababu rika hili litajibu ndiyo kila mara. Uliza jambo linaloweza kukosewa: “Mnaandika au mnasema? Mna dakika ngapi? Unaweza kumwonesha mwenzako?” Majibu matatu ya pamoja, kisha karatasi.

Alama ya kunyamazisha nayo iwekwe tangu somo la kwanza na isibadilishwe. Mkono juu na kuhesabu kwa Kiingereza kutoka 5 hadi 0 kunatosha, mradi usianze kusema kabla ya 0. Ukianza kwenye 2 mara moja tu, kesho yake 0 haina nguvu.

Kuuliza maswali darasa zima bado kuna nafasi yake, ila kwa utaratibu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde 1. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wasiojibu kwa kawaida walianza kujibu. Yeye alitazama masomo ya sayansi kwa lugha ya wanafunzi wenyewe. Katika lugha ya kigeni kichwa kinafanya kazi mbili, kupata wazo na kulivalisha maneno, kwa hiyo hesabu 5 moyoni. Uliza, subiri, waambiane wawiliwawili kwa sekunde 20, ndipo utaje jina. Jina likitangulia swali, wenzake 39 wameshapumzika, na aliyetajwa ameshika moto peke yake.

Wanafunzi wanaowaza kwa Kiswahili wana makosa yao, na ni vizuri mwalimu ayajue kwa majina, kwa sababu mengi si uzembe. Ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza.

La kwanza ni “he” na “she”. Kwetu “anakuja” ni anakuja, awe mvulana au msichana. Sikio halijawahi kulazimika kuuliza. Kumrekebisha mara 50 hakusaidii kwa kuwa kosa halijawahi kumgharimu chochote. Mpe zoezi ambalo jibu lenyewe linaning’inia kwenye neno hilo. Bandika picha mbili ubaoni, kaka na dada, bila majina. Soma sentensi 10: “She took the key. He closed the window. She called the doctor.” Wanafunzi wanyooshe kidole kwa aliyetenda. Kisha wasomeane wenyewe kwa mpangilio wao, mwenzake akinyoosha. Anayesema “he” badala ya “she” anaona kidole kikienda kwa asiyemkusudia, na anajirekebisha bila kuambiwa. Dakika 6, mara moja kwa wiki, kwa wiki 5 au 6.

Saa nayo inawasumbua, na ina sababu yake nzuri. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, Kiswahili kinasema saa tatu, yaani namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa. Mwanafunzi anatafsiri anachosema kila siku na kupata “three o’clock”. Usimfundishe kuongeza au kupunguza 6. Hesabu hiyo inamchelewesha na katikati ya mazungumzo itamponyoka. Mwambie tu kwamba Kiingereza kinasoma namba ambayo mshale unaielekea. Anza na saa za tarakimu, 9:00, 4:30, 11:15, asome anachokiona, na uzuie kabisa kupita kwenye Kiswahili kwa somo hilo.

Kosa jingine huharibu hata uhusiano. Mwalimu anauliza “Didn’t you finish?” Mwanafunzi anajibu “Yes,” akimaanisha ndiyo, sikumaliza, kama Kiswahili kinavyotaka. Mwalimu anafungua daftari, anakuta kazi nusu, anamwona mwongo. Hakudanganya. Katika Kiingereza jibu halikubaliani na swali, linafuata tukio lenyewe: kama kazi haikuisha ni “No, I didn’t,” swali liwe limeulizwa vipi. Wafundishe jibu pamoja na mkia wake, kamwe si “yes” au “no” peke yake, na wewe mwenyewe punguza maswali ya kukanusha.

“Nina miaka 13” huzaa “I have thirteen years”, na “nina njaa” huzaa “I have hunger”; anayesema “nasikia baridi” anaandika “I hear cold”. Weka haya yote kwenye kisanduku kimoja daftarini chini ya “I am”: umri, njaa, kiu, baridi, joto, woga. Kuyaona pamoja kunasaidia kuliko kukutana nayo moja moja kwenye sura tofauti za kitabu. Kuazima pia: neno letu moja linabeba “borrow” na “lend”. Hapa usifundishe yote mawili siku moja. Maneno pacha na maneno kinyume yakiingia pamoja yanashikana kichwani, na miezi baadaye mwanafunzi anajua kwamba ni moja kati ya mawili lakini hajui lipi. Fundisha “Can I borrow” hadi ikae, ndipo baada ya wiki 2 au 3 ulete “Can you lend me”. Vivyo hivyo “left” na “right”.

Matamshi yanahitaji uchaguzi, kwa sababu huwezi kuyamaliza. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu ya kawaida vitabuni, kina sauti za irabu 20. “Cat”, “cut” na “cart” zote zinatoka “kat”. Chagua tofauti nne kwa mwaka na uanze na sikio, si mdomo: unasema neno, wanainua kidole 1 au 2. Darasa lisiloweza kuinua kidole sahihi mara 8 kati ya 10 halijawa tayari kutamka.

Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, ndiyo maana “worked in” inakuwa “woked-i-ini”. Dawa imo ndani ya lugha yetu wenyewe. Konsonanti ya mwisho ihamishie kwenye neno linalofuata, iwe mwanzo wa silabi: “work-tin”, “look-tat”, “stop-tus” kwa “worked in”, “looked at”, “stopped us”. Wakiisema hivyo mara kadhaa, haraka, irabu ya ziada inadondoka. Hapo hapo unawapa kanuni ya “-ed”: silabi mpya husikika pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya “t” au “d”, kama “wanted” na “needed”. Kwingine ni “t” au “d” tupu. Safu tatu ubaoni, vitenzi 12, dakika 10, imekwisha.

Mkazo wa neno unapuuzwa kupita kiasi, na unaficha maana kuliko irabu mbaya. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo “photograph” inakuwa “pho-TO-graph” na “comfortable” haijulikani. Kila neno jipya la silabi mbili au zaidi liandikwe na vidoa chini yake, kikubwa chini ya silabi yenye mkazo na vidogo kwingine. Wanakili vidoa kama wanavyonakili herufi.

Maneno mapya yasizidi 8 hadi 10 kwa kipindi, na yaandikwe ndani ya kifungu: si “decision” bali “make a decision”. Somo linalofuata lianze kwa kuyakumbuka kabla ya kufungua daftari, kisha tena baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Sanduku la kadi lenye vyumba vitano, mbinu ya Sebastian Leitner wa Ujerumani, linafanya kazi vizuri kwa darasa zima: kadi iliyojibiwa inasogea chumba cha mbele, iliyokosewa inarudi cha kwanza. Mwanafunzi mmoja kila wiki awe mtunza sanduku.

Kuhusu Kiswahili darasani: kitumie. Neno kama “although” linaeleweka kwa sekunde 3 kwa “ingawa”, na dakika 4 za kuigiza huishia kwenye kubahatisha. Kuwaadhibu wanaosema lugha yao hakuzalishi Kiingereza. Kunazalisha ukimya, na ukimya ndio tunaopigana nao. Kinachofaa ni mpaka ulio wazi: dakika hizi 5 za zoezi ni Kiingereza, kupanga na kuelezana maana ni ruhusa kwa lugha yoyote.

Kusahihisha ni mahali pa kuwa mwangalifu sana na rika hili. Wakati wa mazungumzo ya wawiliwawili usikatize. Pita na kipande cha karatasi, andika sentensi ulizozisikia bila majina, mazuri na mabaya. Mwishoni andika 5 ubaoni, 3 zenye kosa na 2 sahihi, wapange wenyewe zipi ni zipi. Zile 2 sahihi ni za lazima. Bila hizo wanajua kila kinachoandikwa ni aibu ya mtu.

Anapozungumza mbele ya wote na kukosea kile mnachojifunza leo, usimrudishie sentensi nzima iliyosahihishwa na kusonga mbele. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 1997: walimu walitumia zaidi namna hiyo ya kurudia kwa usahihi, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa nadra zaidi, kwani wengi huisikia kama kukubaliwa. Tumia vidole. Mwanafunzi kasema “She go to school.” Inua mkono, kila kidole neno moja: “she” kidole gumba, “go” cha shahada, “to” cha kati, “school” cha pete. Kishike cha shahada na ukitikise kidogo, bila neno. Atatazama kidole, midomo itacheza, na mara nyingi “goes” itatoka yenyewe. Isipotoka kwa sekunde 5, geukia darasa zima waseme pamoja, ili asibaki peke yake. Na usikate tamaa na “s” hiyo: iko kati ya viambishi vinavyochelewa kukaa kwenye usemi, hata kwa anayeijua kanuni vizuri kwenye karatasi.

Mada zichaguliwe kwa huruma. Vitabu hupenda “Describe your father” na “My family holiday”. Katika darasa la 40 yuko aliyefiwa, yuko aliyeachwa, yuko asiyejua likizo ni nini. Badili iwe “mtu unayemjua vizuri” au mtu wa kubuni; sarufi ni ileile na hakuna anayeumizwa. Mada zinazowachangamsha ni za haki na upangaji: sheria tatu mngezifuta shuleni, vitu vitano vya kubeba mashua ikizama, nani kati ya wanne apewe nafasi moja iliyobaki. Hapo husikika “because” na “should” bila kuombwa.

Kwa kuunganisha kusikiliza na sarufi, hakuna zoezi linaloshinda imla ya kujenga upya. Chukua habari ya maneno 60 yenye kile mlichojifunza. Isome mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, kalamu zikiwa chini. Isome tena, waandike maneno makuu tu. Hawatafikia kuandika yote na hawatakiwi. Kisha watatu watatu waijenge upya kwa dakika 12, isilazimike kufanana neno kwa neno, ila iwe na maana ileile na sarufi safi. Mwisho bandika ya asili walinganishe. Ukisoma polepole kwa kuwahurumia, inakuwa imla ya kawaida na mabishano yote ya “ni was au were” yanapotea, na mabishano hayo ndiyo somo.

Na kama mtihani wako wote ni wa kuandika, watajua mara moja kwamba kuzungumza ni mchezo. Weka alama kwa mdomo. Wawili kwa pamoja, dakika 3, picha moja na maswali mawili ya kuulizana wao kwa wao. Jozi 20 ni saa 1, ambayo haipatikani kwa mkupuo. Jozi 5 kwa kipindi, dakika 15, huku wengine wakisoma na kuandika, unamaliza kwa vipindi 4. Karatasi ya alama iwe na mistari minne tu: alieleweka, aliuliza, alijibu kwa sentensi, alitumia kilichofundishwa. Waoneshe mistari hiyo wiki moja kabla. Waache wachague mwenza wao, na meza ya mtihani iwe nyuma ya darasa, wenzao wakiwa wamewapa mgongo.